Posa Iliyorudishwa: Je, Ugonjwa Umo Katika Damu ya Ukoo?



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), twawaarifu wasomaji wetu kwamba ukurasa wa juma hili tumeuandika kwa moyo mzito kuliko ilivyo ada yetu. Tumerejea kutoka bara, Kitale na Bungoma, tulikokwenda kwa furaha na tukarudi na fikira. Mpwa wetu, binti wa miaka 24 anayesomesha watoto wa madrasa mjini Kitale, alikuwa ameposwa na kijana wa Bungoma. Mahari yalikuwa yamesemwa, siku ilikuwa imetajwa, na sisi tulipanda basi Mombasa na halua yetu magotini. Tulipofika kwa dada yetu tukakuta majamvi yamekunjwa. Posa ilikuwa imerudishwa siku mbili kabla.

Hatutawataja watu hawa kwa majina, kwa kuwa siri ya nyumba ni amana. Lakini mamake binti ametupa ruhusa tuyaandike yaliyotokea, na binti mwenyewe ametuambia: "Andikeni, mama mdogo. Pengine kuna mwingine."

Ugonjwa wake ulianza miaka mitatu iliyopita. Alikuwa akiamka asubuhi vidole vimekakamaa, hawezi kuikamata chaki wala kufunga vifungo vya nguo mpaka jua lipande. Watu wakasema ni baridi ya Kitale, maana mji ule uko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani hatukuzaliwa na baridi hiyo. Kisha nywele zikaanza kutoka kwa vishungi. Vidonda visivyouma vikamtoka kinywani. Akishinda juani, mashavu humwiva wekundu kuanzia shavu moja, kupita juu ya pua, hadi shavu la pili, mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Homa zikawa zaja na kwenda. Katika zahanati moja alitibiwa malaria mara tano na homa ya matumbo mara mbili, na kila mara alipata nafuu ya siku chache akarudi palepale. Bibi mmoja akashauri kwamba kwa kuwa mamake ana asili ya Lamu, lazima ni jini la bahari limemfuata mtoto mpaka bara. Fedha za mabuku ya madrasa zikaenda kwa mganga.

Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mganga kijana wa hospitali ambaye hakumuuliza habari za homa peke yake. Alimtazama vidole, akamtazama kinywa, kisha akaomba mkojo upimwe. Ukaonekana una protini nyingi, ishara ya kwamba figo zimeanza kuvuja. Akampeleka Eldoret, katika hospitali kuu ya rufaa, na huko ndiko ugonjwa ulikopewa jina lake: lupasi. Akapewa dawa, na kwa miezi kadhaa sasa figo zimetulia na vidole vimerudi kushika chaki. Uso ulimvimba kidogo kwa dawa, na uvimbe huo ndio uliowafanya watu waulize, na jibu ndilo lililofika Bungoma.

Mamake kijana alituma ujumbe wenye maneno ya heshima. Alisema hana chuki na mtoto, bali amesikia kwamba ugonjwa huo "umo katika damu," na damu ikiwa na dosari hurithiwa, naye ana wajibu wa kuwalinda wajukuu zake. Wasomaji wetu, tukiwa wakweli, swali hilo si la kwake peke yake. Ni swali linaloulizwa katika kila nyumba yetu kabla ya posa kukubaliwa, kwa sauti ya chini: "Ukoo wao una nini?" Hivyo tuliona haifai kukasirika. Tuliona tujue kwanza kama ni kweli.

Tukafunga safari ya kwenda Bungoma. Barabara yateremka kutoka Kitale kupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, na kadiri gari inavyoshuka ndivyo koti linavyokuwa zito. Mashamba ya mahindi yanapungua, miwa inaongezeka, na madirishani mwa nyumba mtu anaanza kuona vyandarua. Tulipokewa kwa taadhima. Tulipokuwa tumekaa sebuleni, mtoto wa kiasi cha miaka sita alipita amebebwa mgongoni na nduguye mkubwa. Macho yake yalikuwa ya manjano na vidole vimevimba. Hatukuuliza. Mwenyeji wetu mwenyewe alisema, "Huyu ni mwana wa mwanangu mkubwa. Ana selimundu. Usiku amelia mpaka alfajiri."

Tukanyamaza, maana pale pale tulifahamu kwamba nyumba iliyoirudisha posa kwa ajili ya damu, nayo ina habari yake katika damu. Wala hatukulifahamu hilo kwa kufurahia msiba wa mtu, Mungu atuepushe. Tulilifahamu kwa sababu tulikuwa tumesoma kidogo kabla ya kusafiri, na yale tuliyosoma ndiyo tunayotaka kuwaeleza.

Kwanza, lupasi ni nini? Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili askari wake, chembe za kinga ambazo kazi yao ni kutambua mgeni mbaya na kumpiga. Baadhi ya chembe hizo hutengeneza kingamwili, ambazo ni protini zinazomnasa adui. Katika lupasi, askari hupotewa na utambuzi. Huanza kutengeneza kingamwili zinazoshika vitu vya mwili wenyewe, hata vile vilivyomo ndani ya kiini cha chembe. Kingamwili hizo na walichokishika huganda pamoja, huchukuliwa na damu, na kukwama penye vichujio vyembamba, hasa figo. Hapo huwasha moto. Viungo, ngozi, mapafu, moyo na ubongo navyo vyaweza kuguswa. Baridi yabisi ile inayopinda vidole vya mikono yote miwili ni jamaa yake: nayo ni kinga kujishambulia, ila yenyewe hulenga zaidi utando wa ndani wa viungo. Magonjwa haya hayaambukizi. Hayapiti kwa kikombe, kwa kitanda, wala kwa kunyonyesha.

Je, yamo katika damu? Jibu la wataalamu ni kwamba mwelekeo wa kuugua umo kwa sehemu, lakini ugonjwa wenyewe haumo. Sehemu za urithi zinazohusika, yaani jeni, zimekwisha kupatikana zaidi ya mia moja kwa lupasi, na karibu kila moja huongeza uwezekano kwa kiasi kidogo tu. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mapacha wa yai moja, ambao urithi wao ni mmoja. Pacha mmoja akiwa na lupasi, mwenzake huugua takriban mara moja katika jozi nne. Kwa baridi yabisi ni mara chache kuliko hapo. Lau urithi ungekuwa ndio hukumu, wangeugua wote wawili daima. Kwa hiyo kuna mengine: homoni, jua, maambukizi, moshi wa tumbaku kwa baridi yabisi, na mambo mengine ambayo Mwenyezi Mungu ndiye ayajuaye. Watoto walio wengi wa akina mama wenye lupasi hawaugui lupasi maishani mwao.

Selimundu si hivyo. Yenyewe hutokana na jeni moja, na hesabu yake yajulikana. Mtu mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo huwa mzima. Lakini mume na mke wakiwa kila mmoja anayo nakala moja, basi katika kila mimba kuna uwezekano wa moja katika nne kwamba mtoto atarithi nakala mbili na kuugua. Ndiyo sababu kipimo kabla ya nikaha kina maana kubwa kwa selimundu, na kwa lupasi hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kumwambia mtu aoe au asioe.

Sasa ni kwa nini selimundu imejaa Bungoma na pwani yetu, na ni haba Kitale? Habari hii ina historia, na ilianzia katika nchi yetu. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya. Alichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona kwamba katika jamii zilizoishi karibu na pwani au karibu na ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na nakala moja ya selimundu, hali katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo? Jibu likawa mbu. Mwaka 1954 akatangaza kwamba mwenye nakala moja hukingwa na malaria kali. Malaria iliwaua watoto wengi wasiokuwa na kinga hiyo, na wenye nayo wakasalimika na kuwarithisha wana wao. Basi kile tunachokiita dosari ya damu kiliingia kama ngao, na gharama ya ngao hiyo hulipwa na mtoto aliyepata nakala mbili.

Lakini lile lililotushangaza zaidi ni kwamba lupasi nayo ina hadithi inayokaribiana na hiyo. Katika miaka ya 1960 daktari Brian Greenwood, akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliona kwamba wagonjwa wa baridi yabisi na lupasi walikuwa wachache mno hospitalini. Akawaza kwamba huenda maambukizi ya mara kwa mara ya vimelea, malaria hasa, yanaituliza kinga isijigeukie. Mwaka 1970 yeye na wenzake walichapisha jaribio la panya ambao kwa maumbile yao hupata ugonjwa unaofanana na lupasi: panya walioambukizwa malaria ya panya, ugonjwa wao ulipungua. Baadaye ikaonekana kwamba wanawake weusi wa Marekani huugua lupasi mara mbili hadi tatu kuliko weupe, na mwaka 2001 watafiti wa London wakaripoti kwamba hata wanawake waliohamia huko kutoka Afrika Magharibi huugua kwa wingi. Basi swali likawa: ni kitu gani walichokichukua kutoka kwao, ambacho kilitulia walikozaliwa na kikaamka ugenini?

Sehemu ya jibu ilitoka kwetu, Kilifi. Katika chembe za kinga kuna protini ambayo kazi yake ni kama breki: askari wakishapigana vya kutosha, yenyewe huwaambia watulie. Jeni inayoitengeneza huitwa FCGR2B. Watu wengine wamerithi namna ya jeni hiyo ambayo breki yake ni dhaifu. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa tiba cha Kilifi, akiwemo Mkenya Norbert Peshu, walichapisha walichokiona katika damu za watoto wa Kenya: wale waliokuwa na nakala mbili za breki dhaifu, uwezekano wao wa kupata malaria kali ulipungua kwa kiasi kikubwa. Na katika wagonjwa wa Hong Kong na Uingereza, nakala hizo hizo mbili ziliongeza uwezekano wa kupata lupasi. Askari asiyetulia upesi humshinda mbu, lakini siku nyingine huweza kumgeukia mwenye nyumba. Watafiti hao wakahitimisha kwamba huenda malaria ndiyo iliyoifanya namna hiyo ya jeni izidi katika jamii zetu. Hatusemi kwamba mpwa wetu anayo, kwani hakupimwa, na lupasi ina njia nyingi. Twasema tu kwamba ile damu inayoshutumiwa ni damu ya walionusurika.

Haya ndiyo tuliyomweleza mwenyeji wetu wa Bungoma, kwa lugha nyepesi kuliko hii, na chai ikipoa mbele yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Na huyu wangu atakayeoa, yeye amepimwa hiyo selimundu?" Hakuwa amepimwa. Kakake alioa bila kupimwa, na matokeo yake yalikuwa yamelala chumba cha pili. Mama huyo alifuta macho kwa ncha ya leso yake akasema, "Basi mimi nimekagua mlango wa jirani na wangu u wazi."

Wasomaji wetu akina mama wataka kujua pia, kwa nini ni sisi? Kwa kila mwanamume mmoja mwenye lupasi kuna wanawake wapatao tisa, na wengi hushikwa katika umri wa kuzaa. Homoni zimo, lakini si hizo tu. Mwanamke ana kromosomu mbili za X na mwanamume anayo moja. Mwili wa mwanamke huinyamazisha moja katika kila chembe ili kazi isiwe maradufu, lakini baadhi ya jeni hukataa kunyamaza. Mojawapo huitwa TLR7, na ndiyo inayowaamsha askari wanapohisi virusi. Mwaka 2022 wanasayansi walieleza habari za mtoto wa kike wa Hispania aliyepata lupasi kali angali mdogo, ambaye herufi moja tu ya jeni hiyo ilikuwa imebadilika, ikawafanya askari waamke bila sababu. Kwa watu wengi ugonjwa hauji kwa herufi moja, lakini mtoto yule mmoja ameonyesha mlango ulipo.

Tuje kwenye dawa, nako kuna jambo la kuzingatiwa. Dawa kuu ya mpwa wetu huitwa haidroksiklorokwini. Wazee mtalitambua jina hilo: ni ndugu wa klorokwini, vile vidonge vichungu tulivyomeza utotoni kwa homa, mpaka malaria ikavizoea na Kenya ikaacha kuvitegemea mwaka 1998. Tangu mwisho wa karne ya 19 daktari mmoja wa London aliwapa kwinini wagonjwa wa lupasi ya ngozi. Katika Vita Vikuu vya Pili askari waliomeza dawa za kuzuia malaria wakaona vipele na maumivu yao ya viungo yanapungua, na mwaka 1951 ikachapishwa kwamba dawa hizo zafaa lupasi. Leo hii karibu kila mwenye lupasi hushauriwa aitumie, kwa kuwa hupunguza kurudi kwa ugonjwa na huzilinda figo. Ni dawa ya kila siku, hata siku ambayo mtu hajisikii vibaya. Kipimo chake hufuata uzito wa mwili, na macho yapaswa kuchunguzwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, kwa kuwa ikitumika muda mrefu yaweza kuigusa retina.

Na utafiti haujasimama. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobeli ya tiba walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, kwa kugundua chembe ambazo ni kama polisi wa askari: huwazuia wasiwashambulie wenyeji, na jeni inayoziongoza huitwa FOXP3. Nako Erlangen, Ujerumani, kuanzia mwaka 2021, madaktari walizichukua chembe za kinga za wagonjwa wa lupasi kali, wakazibadilisha maabarani ziweze kuwaondoa watengenezaji wa kingamwili mbaya, wakazirudisha mwilini, na wagonjwa wa kwanza wakakaa bila ugonjwa na bila dawa. Tiba hiyo ni ghali na ingali changa, wala haijafika kwetu. Lakini twaitaja ili mama aliyeambiwa "hakuna la kufanya" ajue kwamba kuna watu wasiolala kwa ajili yake.

Kuna jambo moja linalotuhusu hapo. Tafiti nyingi za urithi wa maradhi zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na sisi ambao urithi wetu una aina nyingi kuliko watu wa bara lolote tumo kwa uchache mno. Ile habari ya Kilifi ilipatikana kwa sababu kuna wazazi waliokubali, baada ya kuelezwa, damu za watoto wao zitazamwe. Tukiombwa, tuulize maswali yote: damu itapelekwa wapi, itawekwa muda gani, nani ataiona. Tukitosheka, tusikatae kwa hofu tu.

Sasa twawausia akina mama na akina dada mambo machache. Binti akiwa na ukakamavu wa viungo asubuhi unaodumu zaidi ya nusu saa kwa majuma kadhaa, au vipele vya usoni vinavyozidi juani, vidonda vya kinywa, nywele kutoka, homa zisizo na sababu, uvimbe wa miguu au mkojo wenye povu, msikubali atibiwe malaria bila kipimo cha malaria. Mwombeni daktari apime mkojo na shinikizo la damu. Vipimo hivyo ni rahisi, na ndivyo vinavyowahi figo. Madaktari bingwa wa maradhi haya ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi, kwa hivyo mwenye kuanza kushuku ni yule wa karibu nanyi.

Mwenye kutumia prednisoloni asiache ghafla, hata akiona uso umevimba, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo hushindwa kutengeneza yake kwa haraka na hatari ni kubwa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Jua la kwetu ni kali, na la milimani huchoma zaidi ya tunavyohisi kwa sababu ya baridi. Buibui na mtandio wetu ni msaada, na uso upakwe mafuta ya kukinga jua.

Kuhusu uzazi, mwenye lupasi aweza kuzaa, na wengi huzaa salama. Lakini mimba ipangwe: ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita. Dawa nyingine, kama methotreksati na mikofenoleti, huharibu mimba, na ni lazima zibadilishwe mapema. Haidroksiklorokwini yenyewe huendelea kutumika. Kuna pia kingamwili ziitwazo Ro ambazo mara chache huugusa moyo wa mtoto tumboni, hivyo zipimwe kabla. Mume na ajue hayo yote tangu mwanzo, si baada ya harusi.

Na kuhusu Ramadhani: Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi. Mwenye figo zilizoguswa asijitwike asichoamrishwa. Amuulize daktari kwanza, kisha amuulize shekhe, na majibu hayo mawili hayatapingana. Mwenye kuruhusiwa kufunga, dawa zake zaweza kupangwa kwa futari na daku. Mpwa wetu aliacha dawa Ramadhani mbili zilizopita kwa kuona haya, na Idi ikamkuta kitandani.

Ama habari ya jini na kijicho, sisi hatukanushi ghaibu, wala hatumkatazi mtu kisomo na dua. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, na kumfungia binti nyumbani miaka mitatu huku figo zikivuja hakuhesabiki kuwa ni subira.

Wasomaji wangependa kujua yaliyoishia. Siku ya tatu yake kijana mwenyewe alipanda Kitale pamoja na ami yake. Alikuwa amepita maabara Bungoma, na karatasi ya kipimo cha selimundu alikuwa nayo mfukoni: ana nakala moja. Aliisoma mbele yetu sote, kisha akaomba posa ikubaliwe upya, binti akiridhia. Mpwa wetu alikuwa nyuma ya pazia. Hakusema ndiyo. Alimtuma mamake aseme kwamba yeye naye atakwenda kupimwa selimundu kabla ya kujibu, na kwamba tarehe yake ya kliniki ya Eldoret i karibu. Bwana huyo akitaka, aje wafuatane na kakake binti, akakae kwenye benchi, amsikie daktari kwa masikio yake mwenyewe. Akishasikia yote, aulize tena.

Ami yake alitaka kusema neno, kijana akamtangulia. Aliuliza gari la Eldoret huondoka saa ngapi.

Halua tuliiacha kwa dada yetu, haijafunguliwa. Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye kila mgonjwa wetu, wa lupasi, wa baridi yabisi na wa selimundu, na yule mtoto wa Bungoma tusimsahau katika dua zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.